Sindano za kuondoa mikunjo usoni: je, anayekuchoma anaijua misuli ya uso?

Mwezi Aprili 2024, mamlaka za afya za Marekani zilitangaza kuwa watu 22 katika majimbo 11 walipata madhara baada ya kuchomwa sindano za sumu ya botulinamu, inayojulikana zaidi kwa jina la Botox. Watu 11 walilazwa hospitalini. Walikuwa wamechomwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au nje ya vituo vya afya, kama vile majumbani na kwenye spa.

Mjadala ulihusu zaidi dawa bandia, na ni kweli baadhi ya dawa hizo zilikuwa bandia. Lakini mama, hata dawa halisi huleta madhara ikiwekwa mahali pasipostahili.

Dawa hii inafanyaje kazi?

Inazuia ujumbe wa neva usifike kwenye msuli. Msuli unalegea kwa miezi 3 hadi 4, na ngozi iliyo juu yake inanyooka. Dawa haichagui: inalegeza msuli wowote inaoufikia.

Jaribu kwenye uso wako

- Gusa ukingo wa mfupa chini ya nyusi. Ndani yake kuna msuli unaoinua kope la juu. Mtaalamu anayetibu mikunjo ya kati ya nyusi huacha nafasi ya takriban sentimita 1 juu ya ukingo huo. Dawa ikipenya chini, kope linaweza kulala kwa wiki kadhaa.
- Inua nyusi. Msuli wa paji la uso ndio unaozipandisha. Ukilegezwa kupita kiasi, nyusi zinashuka na macho yanaonekana mazito.
- Tabasamu. Msuli wa tabasamu unaanzia kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya mdomo. Sindano ya mikunjo ya pembeni mwa jicho ikichomwa chini mno, tabasamu linaenda upande.
- Uma meno. Msuli wa kutafunia unavimba kwenye taya. Mbele yake, kwenye ukingo wa taya, utasikia mapigo ya mshipa wa damu unaolisha uso.

Mishipa ya damu ni muhimu zaidi kwa fila, yaani jeli ya kujazia midomo au mashavu. Jeli ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuuziba, ngozi ikafa au mtu akapofuka.

Utamjuaje mwenye ujuzi?

Nyuso hazifanani. Kwa hiyo mtaalamu hukuketisha, akakuambia ukunje uso, uinue nyusi, utabasamu na uume meno, huku akipapasa na kuweka alama kabla ya kuchoma. Asiyefanya hivyo, ondoka. Omba pia kuona leseni yake na chupa ya dawa ikiwa bado imefungwa.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, subiri. Na binti yako? England imepiga marufuku sindano hizi za urembo kwa walio chini ya miaka 18 tangu tarehe 1 Oktoba 2021. Hata pasipo na sheria kama hiyo, unaweza kuweka mpaka huo nyumbani kwako.

Usichanganye urembo na tiba. Dawa hiyohiyo hutumiwa na madaktari kulegeza misuli iliyokakamaa ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Daktari akiipendekeza kwa mtoto wako, msikilize na umuulize maswali.

Nenda hospitali mara moja ukiona:

- shida ya kumeza, kuongea au kupumua
- kuona vitu viwili viwili, au udhaifu wa mwili, hata kama siku kadhaa zimepita tangu uchomwe
- baada ya fila: maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe au yenye mabaka, au kuona kwa shida

Ukifika, sema wazi ulichomwa nini, lini na wapi. Usione aibu: wahudumu wanahitaji kujua ili wakutibu mapema.