Mama aliyezaa si rehani ya deni: kwa nini fakulte zetu zifundishe sheria ya afya

Wakristo wengi wa Kivu na Ituri wanalijua tangazo hili. Baada ya mahubiri, katibu anasimama na kuomba sadaka ya pekee: mama mmoja wa kanisa amezaa kwa upasuaji, yeye na mtoto ni wazima, lakini hospitali haiwaruhusu kutoka mpaka deni lilipwe. Watu wanatoa walicho nacho, mama anarudi nyumbani, tunamshukuru Mungu. Ni tendo jema. Lakini kuna ulizo moja ambalo halijibiwi: ni sheria gani inayoruhusu hospitali kumzuia mtu kwa sababu ya feza?

Jibu ni fupi: hakuna sheria ya namna hiyo katika inchi yetu. Zilizopo zinasema kinyume. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inahakikisha uhuru wa kila mtu. Kuwa huru ndiyo kanuni, kufungwa ni jambo la pekee. Kitabu cha sheria za makosa, katika kifungu cha 67 cha sehemu yake ya pili, kinatoa azabu ya kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 5 kwa yeyote anayemkamata ao kumshikilia mtu bila haki, kwa nguvu, kwa hila ao kwa vitisho. Zaidi ya hayo, tangu mwaka wa 1976 Kongo imefungwa na Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiraia na za Kisiasa. Kifungu cha 11 cha Mapatano hayo kinakataza kumtia mtu gerezani kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Na kifungu cha 215 cha Katiba yetu kinayapa mapatano ya namna hiyo, yakiisha kutangazwa, nguvu kupita sheria za kawaida. Basi, kama serikali yenyewe, yenye polisi na magereza, haiwezi kumfunga maskini kwa deni, mlinzi wa hospitali anapata wapi mamlaka hayo?

Kama sheria iko wazi hivyo, kwa nini desturi inaendelea? Sababu ya kwanza ni kwamba mgonjwa hajui haki yake. Akijua, anaogopa, kwa maana mwaka ujao atarudi kwa daktari yuleyule. Sababu ya pili inatugusa sisi wenye vyuo vikuu. Maavoka wetu wengi wamefunzwa vizuri mambo ya ardhi, ya ndoa, ya biashara na ya makosa. Sheria ya afya, yaani elimu inayounganisha haki za mgonjwa, wajibu wa daktari, usimamizi wa hospitali, dawa, bima na bajeti ya serikali, wengi wao hawakuisoma kama somo lenye kusimama peke yake. Mahali pasipo na mtu wa kusoma sheria kwa sauti, sheria inabaki karatasi.

Jirani zetu wanatuonyesha tofauti inayoletwa na elimu hiyo. Huko Nairobi, wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni walipeleka mashitaki yao mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya, wakisaidiwa na wanasheria waliojifunza hasa haki za afya ya uzazi. Mwezi wa Septemba 2015 mahakama iliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao. Kudai deni ni halali, lakini kuna njia za kisheria za kulidai, na kumfungia mtu si mojawapo.

Mfano wa Uganda unahusu chuo kikuu moja kwa moja. Ben Twinomugisha, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Makerere, ameandika kitabu cha kufundishia sheria ya afya ya inchi yake. Mwaka wa 2011, yeye na shirika la CEHURD, pamoja na ndugu wa akina mama wawili waliokufa wakizaa katika hospitali za serikali, waliishitaki serikali. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Katiba ilikataa kusikiliza shauri hilo, ikisema ni mambo ya siasa. Hawakuacha. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Juu ilirudisha shauri lisikilizwe, na mwezi wa Agosti 2020 hukumu ikatoka: kukosa kutoa huduma za msingi kwa akina mama wanaozaa ni kuvunja Katiba. Ilichukua miaka 9. Kazi ya miaka 9 haifanywi na hasira ya siku moja. Inahitaji watu waliosomea jambo hilo na wenye kulifundisha kwa wengine.

Hukumu za Nairobi na Kampala hazimfungi hakimu wa Goma, Bukavu ao Bunia. Lakini Kenya na Uganda nazo zimeyakubali Mapatano yaleyale tuliyoyakubali sisi. Avoka wa Kongo anaweza kutumia hoja zilezile, kama amezijua.

Hapa inatupasa kusema ukweli hata kama unauma. Sehemu kubwa ya hospitali za mashariki ni mali ya makanisa: CBCA, CEPAC, CELPA na jumuiya nyingine za Kanisa la Kristo katika Kongo, bila kusahau hospitali za ndugu zetu Wakatoliki. Tangu mradi wa SANRU ulipoanza mwaka wa 1981, kanisa limekuwa mkono wa kuume wa serikali katika zoni nyingi za afya vijijini. Kwa hiyo, mgonjwa anapozuiliwa, mara nyingine ufunguo wa lango uko mkononi mwa mkristo. Hatuwezi kuililia serikali juu ya haki huku lango letu limefungwa.

Vilevile hatuwezi kumtupia mkurugenzi wa hospitali lawama yote. Hospitali nyingi zinaishi kwa yale wagonjwa wanayolipa. Muuguzi ambaye serikali haimlipi anategemea feza hizohizo. Dawa na mafuta ya jenereta vinanunuliwa kutoka sanduku lilelile. Mwaka wa 2001, huko Abuja, wakuu wa inchi za Afrika waliahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Inchi yetu haijafikia kiasi hicho. Mwaka wa 2025 mzigo umezidi: vita vimefika Goma na Bukavu, benki za Goma zimefunga milango na watu wenye akiba wamekosa feza za mkononi, na serikali ya Marekani imekata misaada mingi iliyokuwa inabeba huduma zetu za afya. Mkurugenzi anayemzuia mgonjwa mara nyingi si mtu mwovu. Anatafuta kulipwa deni ambalo, kwa haki, lilipaswa kubebwa na wengine pia.

Ndiyo maana sheria ya afya si fimbo ya kuwapigia waganga tu. Ni elimu ya kuuliza: nani alipe? Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, iliyorekebishwa mwaka wa 2023, imeweka kanuni za afya ya watu wote, na ndani yake mna mpango wa kila raia kupata matunzo bila kufilisika. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua huko Kinshasa uzazi bila malipo, ukipangwa kufika katika majimbo mengine hatua kwa hatua. Pale ambapo mpango huu umetangazwa, hospitali inayotunza mama bure inapaswa kurudishiwa gharama zake. Nani anahesabu kama zimerudishwa? Nani anaandika barua kwa wizara zisiporudishwa? Nani anaeleza baraza la hospitali mkataba wake na serikali unasema nini? Hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma sheria pamoja na afya.

Sisi Waprotestanti tuna mahali pa kuanzia. ULPGL, iliyoanzishwa Goma mwaka wa 1985, ina fakulte ya sheria, na afya inafundishwa kwenye chuo hichohicho. Bukavu kuna UEA yenye fakulte ya udaktari. Wanafunzi wa sheria na wale wa udaktari wanaweza kukaa pamoja katika somo moja kwa mwaka. Fakulte inaweza kufungua, kwenye hospitali ya kanisa, meza ya mashauri ambapo wanafunzi wa mwisho, wakiongozwa na avoka, wanawasaidia wagonjwa na wakurugenzi vilevile. Hili halihitaji jengo jipya. Linahitaji baraza la chuo kuamua na jumuiya kukubali.

Wakati tunangoja, kuna mambo ambayo kanisa la mtaa linaweza kufanya tangu sasa. Mchungaji anapoitwa kwa sababu ya mgonjwa aliyezuiliwa, aombe deni liandikwe wazi, kitu kwa kitu. Aombe mapatano ya kulipa kidogo kidogo, yenye sahihi ya pande mbili na shahidi mmoja, kisha mgonjwa atoke. Hospitali inabaki na haki yake yote: asipolipa, ipeleke karatasi hiyo mbele ya tribinali. Kwa maiti vilevile, familia iruhusiwe kuzika, na deni libaki kwenye maandishi. Na sadaka ile ya pekee iwe sanduku la kudumu, ili mama aende kuzaa akijua kuna mkono nyuma yake.

Katika mfano wa Msamaria mwema tunamsifu sana aliyetoa dinari mbili, na tunamsahau mwenye nyumba ya wageni. Alipewa sehemu ya gharama na ahadi juu ya mabaki. Aliipokea ahadi, akaendelea kumtunza mgonjwa. Hospitali zetu zinaitwa kuwa nyumba ya namna hiyo, na sisi wengine, makanisa na serikali, tunaitwa kuwa Msamaria ambaye kweli anarudi kulipa. Mabaraza ya hospitali na ya vyuo yatakapokutana mwaka huu, jambo hili liwekwe kwenye orodha ya mazungumzo, kwa maandishi, na jina la mtu atakayelifuatilia.