Tambo si za Ngumi Peke Yake

"Katuni za michezo ni za watoto." Kauli hiyo utaisikia Mbagala na Tandale kila kijana anapoipa mgongo mechi na kufungua Haikyuu!!, katuni ya Kijapani ya voliboli, kwenye simu. Hoja ya wakubwa ni moja: uongo mtupu. Mpira hauning'inii hewani dakika tatu, na hakuna bondia anayeipa ngumi yake jina.

Hakuna? Januari 2023 bondia wetu Karim Mandonga alikwenda Nairobi kupigana na Daniel Wanyonyi, huku akinadi ngumi aliyoiita Sugunyo na kudai imetoka Ukraine. Watu wazima wenye ndevu waliisimulia Sugunyo vijiweni. Na Julai 2022 Mandonga huyohuyo alikuwa amepigwa na Shaban Kaoneka mjini Songea, jina lake likazidi kupaa. Tusidanganyane: hatukumfuata kwa ushindi, wala kwa ukweli. Tulifuata tambo, tukitaka kuona mtu aliyetamba hivyo akianguka atainukaje.

Kipimo hichohicho ndicho kinachotenga katuni tamu na chapwa. Captain Tsubasa, katuni ya soka iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1983, ina mashuti ya ajabu, lakini Tsubasa ana kipaji cha kuzaliwa na ni nadra kushindwa. Mtu mzima anachoka mapema. Hajime no Ippo nayo ina ngumi zenye majina, ila Ippo anapigwa na Date Eiji akiwania ubingwa wa Japani, na kipigo kile kinakuuma. Sakuragi wa Slam Dunk, kazi ya Takehiko Inoue kuhusu mpira wa kikapu, anaanza hajui hata kudundisha mpira. Ili apate shuti la kuaminika anafanya mazoezi ya mashuti 20,000. Akirusha la mwisho, unajua limemgharimu nini. Haikyuu!! inaizidi hata Slam Dunk: inakusimulia habari za wapinzani mpaka unawahurumia timu yako ikiwafunga.

Kwa hiyo zile dakika tatu mpira ukiwa hewani hazipotei bure. Ndizo za kumjua mpigaji. Matangazo ya Ligi Kuu yetu yanatupa mabao na kadi, lakini mchezaji katoka wapi na kapitia nini, mara nyingi tunabaki kubahatisha.

Anayebisha atazame The First Slam Dunk ya mwaka 2022: filamu nzima ni mechi moja, inayokatizwa na msiba wa familia ya mchezaji mfupi. Akimaliza, aseme tena kwamba hiyo ni ya watoto.