MWALI HAHUKUMIWI AKIWA JANDONI

Wapo wazee wetu, hapa Chilangala na huko Unguja na Pemba, ambao wakimsikia kijana akipiga muziki mzito wa rock, wenye magitaa ya kunguruma na sauti ya kukoroma, husema neno moja tu: ushetani. Wapo pia maofisa wa utamaduni ambao neno hilo huwatosha kumnyima kijana huyo ukumbi. Sisi tunaona kwamba hukumu hiyo ni ya haraka mno, nasi hatuna budi kutoa sababu zetu.

Mfano wa karibu uko Nairobi. Mwaka 2020 vijana wawili, Martin Kanja ajulikanaye kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu, walitoa albamu yao kwa jina la kundi lao, Duma, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili atadhani ni yule mnyama mwenye mbio. Kumbe kwa Kikikuyu neno hilo lina maana ya giza. Na giza ndilo lililokuwamo: mayowe ya muziki wa metali juu ya midundo ya mitambo.

Aprili 2024 Kanja alitoa albamu ya peke yake, The Adept. Mayowe ni yale yale, lakini mwenye kuyapiga amekwisha kuhama. Safari hii hayuko na mwenzake wa zamani; amealika wasanii wengi, na ameitoa kazi hiyo kwa chapa yake mwenyewe, Haekalu. Zaidi ya hayo, ameitabaruku kwa Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau na kufariki Septemba 2023. Aliyeziba masikio mwaka 2020 hakuwapo kijana alipofika kwa bibi yake wa msituni.

Kazi za namna hii ni kazi za mpito, na zina mkosi wake: wapenzi wa zamani huziona usaliti, na wageni hawajazizoea. Huko Norway kundi la Darkthrone lilitoa albamu ya kwanza, Soulside Journey, mwaka 1991, kwa mtindo uliokuwa ukipendwa wakati huo. Mwaka 1992 likatoa A Blaze in the Northern Sky, ambamo baadhi ya nyimbo zilikuwa bado na mifupa ya mtindo wa kale, lakini zimevikwa ngozi mpya ya muziki uitwao blaki metali. Kampuni iliyowatolea kazi ilisitasita kuipokea. Leo albamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa nguzo za muziki huo.

Hatufichi upande wa pili. Katika miaka hiyo hiyo, baadhi ya wafuasi wa muziki huo huko Norway walichoma makanisa, na wengine waliua. Huo ni uhalifu, na mahakama ziliwahukumu kwa walichotenda. Lakini hapo ndipo penye somo: walihukumiwa kwa kiberiti na kisu, si kwa gitaa.

Nasi wa uwanda wa Makonde tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Midimu yetu, wachezaji waliovaa vinyago, hutoka wakati wali wanapotolewa jandoni, na hutoka ili kutisha. Watoto hukimbia, wala aliye ndani ya kinyago hatajwi jina. Hakuna mzee wa Newala wala Masasi aliyewahi kusema kwamba kutisha huko ni upotovu. Tunajua kwamba hofu ni mlango ambao mtoto hupitia ili awe mtu mzima. Tena tunajua kwamba mwali akiwa bado jandoni si mtoto wala si mtu mzima, na hakuna anayethubutu kumtolea hukumu wakati huo.

Wenzetu wa visiwani nao wana kumbukumbu yao. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, huku mahadhi ya Kiarabu yakiwa bado yamo. Zile nazo zilikuwa kazi za mpito. Kama zingekataliwa kwa kuwa si taarabu ya jumbani wala si ngoma ya shamba, Zanzibar ingekuwa maskini leo.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa BASATA upande wa Bara na BASSFU upande wa Zanzibar. Wimbo wenye matusi au uchochezi upimwe kwa maneno yake, kama BASATA ilivyoufungia wimbo wa Mwanza mwaka 2018 kwa lugha yake. Lakini sauti ya kukwaruza si tusi, na mavazi meusi si uchochezi. Kabla ya kumfungia msanii mlango, asikilizwe alikotoka, na aulizwe aendako.

Aidha, tunawaomba maofisa utamaduni wa wilaya wahifadhi kazi za vijana wetu zote, hata zisizopendeza, kama zilivyohifadhiwa kanda za iliyokuwa Radio Tanzania. Kijana wa Chilangala anayeunganisha gitaa la umeme na mdundo wa midimu leo huenda akatoa kitu kibovu. Kitunzwe. Kazi yake ya tatu ndiyo itakayotueleza ile ya pili ilikuwa nini, nasi tutaihitaji tupate kuelewa alipitia wapi.