Wahandisi vijana wakutanishwe na wenye mashine

Kila mwaka Bodi ya Usajili wa Wahandisi huandaa Siku ya Wahandisi. Mada husomwa, maonyesho hufanyika, na wanafunzi hupata nafasi ya kuonana na waajiri. Ni jambo jema. Mhitimu hasajiliwi kuwa mhandisi siku anapovaa joho. Hutakiwa kwanza kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, na mtu huyo hapatikani kwa kutuma barua tu.

Lakini, ndugu msomaji, waajiri wakubwa wana nafasi chache. Wenye mashine za kukoboa mahindi na kukamua alizeti wako wilaya nyingi, na mashine ikifa wakati wa mavuno magunia ya watu hulala nje. Hao ukumbini huwaoni.

Niliwahi kuongozana na mhitimu mmoja wa uhandisi kilimo kwenye Nane Nane, viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Alibeba bahasha ya vyeti. Mkamuaji wa alizeti kutoka Singida hakuitazama. Alimuuliza kwa nini mashudu yake yanabaki na mafuta mengi. Kijana naye akauliza mbegu zinakaushwa vipi, na parafujo ya ndani imelika kiasi gani. Wakakaa karibu saa nzima. Aliondoka na namba ya simu na siku ya kwenda kuiona mashine.

Waandaaji wa mikutano ya wahandisi watenge japo nusu siku kwa watu kama yule mkamuaji, bila kiingilio. Nanyi wenye mashine, Nane Nane ijayo njooni na kile kipuri kilicholika.