Watafiti chipukizi wakutanishwe hapa kwetu

Tangu 1951, mji wa Lindau nchini Ujerumani umekuwa ukiwakutanisha watafiti chipukizi na washindi wa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2015 fizikia, kemia na tiba ziliketishwa pamoja, na siku ya mwisho washindi 36 wakatia sahihi onyo kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mwanafunzi wangu mmoja, aliyealikwa kwenye kongamano la aina hiyo huko Ulaya, alipata viza wenzake wakiwa wamekwisha kurudi makwao.

Kwa nini basi tungoje kualikwa? Tazama homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1931 baada ya kondoo kufa karibu na Naivasha. Mafuriko yakija, mayai ya mbu yaliyolala udongoni kwa miaka huanguliwa. Mbu huambukiza mifugo, nayo hutupa mimba. Kisha mchungaji huugua. Ndivyo ilivyokuwa Garissa mwishoni mwa 2006, na mwaka uliofuata Tanzania nayo ikapatwa. Mtaalamu wa hali ya hewa anaijua mvua, wa wadudu anamjua mbu, daktari wa mifugo anamjua ng'ombe. Mfugaji ndiye anayewaona wote, tena kila mmoja kwa siku yake.

Nami sina budi kukiri: nimefundisha biolojia miaka mingi bila kumvusha mwanafunzi hata mmoja ua unaotutenga na idara ya jiografia.

Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilikuwa chuo kikuu kimoja kati ya 1963 na 1970. Vijana wao na wakutanishwe kila likizo, wapewe tatizo moja la kutatua badala ya hotuba. Safari ya basi hadi Kampala haimdai Mkenya viza.