Mambo ya Nyumbani: Jokofu Kubwa na Mlango Mwembamba



Bwana mmoja wa Vwawa ametuuliza swali, na sisi twaona jawabu lake litawafaa wengi. Mwanawe aliye Dar es Salaam ataka kumletea zawadi ya jokofu, yaani friji, na amemwachia baba achague ukubwa na namna. Bwana huyu amependezwa na yale majokofu ya siku hizi yenye milango miwili juu, ambayo hufunguka kushoto na kulia kama kabati la nguo, na chini yake pana droo za kugandishia. Huko Marekani huitwa majokofu ya milango ya Kifaransa, kwa kufananishwa na milango ya nyumba yenye mabawa mawili. Auliza: je, litamfaa? Na likipata kasoro, aanze wapi?

Namjibu kwa habari ya nyumba moja hapa Tunduma, jirani yangu, kwa kuwa yaliyowapata niliyaona kwa macho yangu, na wenyewe wameniruhusu kuyaandika ili wengine wanufaike.

Nyumba hiyo ina watu saba, na mkubwa wao ni bibi mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, ambaye hujidunga sindano ya insulini kila siku. Mwezi wa Juni 2023, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, mjukuu wake aliwaletea jokofu la namna hiyo, la lita 600, likaja juu ya lori kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Watu walijaa uani kulitazama. Lakini lilipofikishwa mlangoni halikupita. Jokofu lilikuwa na upana wa sentimita 91, na mlango wa nyumba ulikuwa na sentimita 80. Vijana wakashauriana kuuvunja mwimo wa mlango, bibi akakataa, basi likapelekwa katika jiko la nje, lililoezekwa bati na lisilo na dari.

Hapo yafaa msomaji ajue jambo ambalo vijana wale hawakulijua. Jokofu hupimwa mara tatu, yaani upana, kimo na kina. La milango miwili aghalabu lina upana wa sentimita 83 hadi 91 na kimo cha karibu sentimita 180, lakini milango yake huweza kufunguliwa bawaba na kuondolewa, na likiisha kuvuliwa milango kina chake huwa kidogo kuliko upana. Mengi katika hayo hupita ubavu kwa ubavu katika mlango wa sentimita 80. Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua futikamba, upime lango la uani, mlango wa nyumba, kona ya ukumbi, na mahali litakapokaa. Kisha mwombe muuzaji akupe vipimo vya jokofu likiwa na milango na likiwa bila milango. Mahali pake paachwe nafasi ya sentimita tano nyuma, na sentimita mbili au tatu kila ubavu, joto lipate kutoka. Tena usisahau kwamba milango hiyo yataka kufunguka yote miwili, na droo ya chini yataka nafasi mbele ya kuvutwa. Uzuri wake mmoja, na nakiri ni uzuri wa kweli, ni kuwa kila bawa ni fupi, hivyo hufaa mahali ambapo mlango mmoja mpana ungegonga ukuta.

Turudi kwa lita. Watengenezaji hupiga hesabu ya lita 100 hadi 150 kwa kila mtu mzima, lakini hesabu hiyo imewekewa watu wanaonunua vyakula vya juma zima kwa siku moja. Sisi soko li karibu. Unga, mchele, maharage ya Mbozi, viazi, vitunguu, ndizi na dagaa wakavu havitaki jokofu, na baadhi yake huharibika vikitiwa humo. Kinachobaki ni nyama, samaki wabichi, maziwa, mboga, na kiporo cha jana. Kwa maoni yangu nyumba ya watu saba yatosheka na lita 250 au 300, hata katika mwezi wa Ramadhani. Anayeuza maji ya matunda au barafu, huyo hesabu yake ni nyingine, na pengine friza la kifuniko cha juu litamfaa zaidi.

Ukubwa huo una gharama isiyoonekana dukani. Katika kibandiko cha jokofu huandikwa uniti za umeme linazokula kwa mwaka. Zigawe kwa 12. La lita 600 la namna hii hula kama uniti 50 hadi 60 kwa mwezi. Chukua mfano wa utaratibu wa bei uliotangazwa mwaka 2016: mtumiaji mdogo wa nyumbani aliwekewa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kodi haimo. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 40 ililipa shilingi 4,000. Ongeza 55 za jokofu zifike 95, malipo yatakuwa shilingi 7,500 kwa zile 75 za kwanza na shilingi 7,000 kwa 20 zilizozidi, jumla 14,500. Matumizi yamezidi kidogo juu ya mara mbili, na malipo yamezidi mara tatu na nusu. Mwenye zawadi hulipa mara moja. Anayepokea hulipa kila aendapo kununua umeme wa LUKU.

Na kama jokofu latoka ng'ambo, lisomwe kibao chake cha nyuma au cha ndani. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani lataka volti 115 na hezi 60, na likichomekwa hapa bila kigeuzi huungua papo hapo.

Sasa nieleze yaliyowapata jirani zangu. Siku ile ile jokofu liliposhushwa, nalo lililazwa njiani, walilichomeka. Ilikuwa haki yake lisimame wima kwanza kwa saa kadhaa, na bora usiku kucha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Kwa bahati hilo halikuleta dhara. Nyama ya udhiya ikatiwa katika droo za chini, na insulini ya bibi ikawekwa juu. Baada ya siku tatu nyama ilikuwa inatoa maji. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema gesi imevuja, akaongeza gesi, akachukua fedha zake. Nyama ikazidi kulainika, nyingine ikatupwa. Mtu mmoja akashauri baridi ipandishwe mpaka mwisho. Wakaipandisha. Nyama ikaanza kuganda kidogo, wote wakafurahi.

Lakini chupa za insulini zilikuwa katika rafu ya juu kabisa, mbele ya tundu linalopuliza ubaridi, na huko ziliganda usiku. Asubuhi ziliyeyuka, zikaonekana kama kawaida, bibi akajidunga. Siku ya nne alilegea, akapelekwa hospitali, sukari yake ikakutwa imepanda sana. Mfamasia alipouliza dawa huwekwa wapi ndipo mambo yalipofahamika. Insulini ambayo haijafunguliwa yataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikiisha kuganda nguvu yake hupotea, hata ikiyeyuka ikawa safi kwa kuitazama, hutupwa. Alhamdulillahi, bibi alirudi nyumbani baada ya siku tatu.

Na ugonjwa wa jokofu ulikuwa nini? Fundi wa pili, kijana mpole, hakufungua kitu. Alisoma kibao, akaona herufi T. Herufi hizo ni za hali ya hewa. T maana yake jokofu limetengenezwa kufanya kazi mahali penye joto la nyuzi 16 hadi 43. ST ni nyuzi 16 hadi 38. N ni 16 hadi 32. Na SN ni 10 hadi 32. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai jiko la nje hushuka chini ya nyuzi 16 bila shaka yoyote. Jokofu lile lilikuwa na kipima baridi kimoja tu, nacho ki sehemu ya juu. Jiko likiwa baridi, sehemu ya juu hubaki baridi yenyewe, kipimo huona hakuna haja, kompresa hulala, na friza lililo chini hukosa ubaridi. Watu hustaajabu kusikia kwamba jokofu laweza kushindwa kazi kwa sababu ya baridi! Ndugu zetu wa Kamsamba, huko bonde la Rukwa kwenye joto, hawana taabu hii, na T yawafaa sana. Sisi wa juu, na hata huyo bwana wa Vwawa, tutafute lenye SN, au lililoandikwa SN-T, na tuliweke ndani ya nyumba.

Kasoro nyingine ni nyepesi kuliko hiyo. Mlango ukikataa kufunga, tazama kile kipande kirefu chembamba chenye bawaba katika ubavu wa mlango wa kushoto. Sharti kiwe kimekunjwa kabla mlango haujafungwa, la sivyo hugonga mlango wa pili. Raba ya mlango hujaribiwa kwa noti: ifungie mlangoni kisha uivute, ikitoka bila kushikwa, raba ioshwe kwa maji ya sabuni, na ikiwa imepasuka ibadilishwe. Miguu ya mbele iinuliwe kidogo kuliko ya nyuma, milango ijirudishe. Maji yakikusanyika chini ya droo za mboga, aghalabu tundu la kutolea maji limeziba kwa barafu au uchafu. Chomoa umeme, umimine maji ya uvuguvugu taratibu. Kompresa ikifanya kazi bila kupumzika, chomoa umeme kisha upanguse vumbi la nyuma na chini kwa brashi, na hapa kwetu kando ya barabara ya malori ya Zambia mara mbili kwa mwaka hazitoshi. Taa zikififia kila kompresa inapoanza, umeme ni dhaifu au waya ni mwembamba. Jokofu lipewe soketi yake peke yake, na kati yake liwekwe lile kasha linaloitwa friji gadi, ambalo hukata umeme mbaya na kungoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Lililoandikwa R600a lina gesi inayowaka moto, basi fundi asilete moto wa kuunganishia mabomba ndani ya chumba kilichofungwa.

Umeme ukikatika, usifungue. Sehemu ya juu huhifadhi chakula saa nne. Friza lililojaa huhifadhi saa 48, la nusu saa 24. Jirani zangu siku hizi hujaza nafasi tupu kwa chupa za maji.

Jokofu lao lilivuliwa milango na yule kijana, likapita ubavu, nalo sasa liko ukumbini. Insulini imo katika kikopo cha plastiki, rafu ya kati, mbali na tundu, na kando yake pana kipimajoto cha bei ndogo ambacho mjukuu wa miaka tisa amepewa kazi ya kukisoma kila asubuhi kabla ya kwenda shule na kuandika namba katika daftari. Jana iliandikwa nne.