Mtoto anapotaka kukimbia mbio za nyika: Wajibu wa mzazi Mwislamu



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo na chanjo. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hapa Endabash hawalihesabu kuwa ni suala la afya, nalo ni mazoezi ya mtoto anayetaka kuingia katika timu ya shule ya mbio za nyika.

Nimesukumwa na tukio moja. Asubuhi moja mwalimu alituletea binti wa kidato cha pili aliyeanguka mazoezini. Fahamu alikuwa nazo, lakini alilowa jasho la baridi na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Tulipompima, sukari ilikuwa chini na damu ilikuwa pungufu. Nilimuuliza amekula nini. Hakuwa amekula kitu tangu jana yake jioni. Kumbe baba yake alimkataza mbio. Kwa hiyo alikuwa akiswali Alfajiri na kutoka kabla uji haujabandikwa, ili amalize mazoezi bila mtu wa nyumbani kujua. Hata raba alikuwa anaazima kwa mwenzake.

Baba alipofika alisema neno moja tu: "Daktari, mimi sikumruhusu." Nilimjibu kwa heshima: "Mzee wangu, ndiyo maana ameanguka."

Sikusema hivyo kwa kumdharau. Nilitaka aone kuwa katazo lake halikumzuia binti kukimbia. Lilimwondolea uji, viatu na jicho la mzazi, kisha likamwacha akimbie peke yake. Hoja yangu leo ni hiyo. Mtoto akishaupenda mchezo huu, wajibu wetu ni kumwandaa na kumsimamia. Kusema "sikumruhusu" hakutuondolei jukumu mbele ya Allah (s.w.), kwa kuwa mwili wa mtoto ni amana mikononi mwetu.

Dini inasemaje?

Wapo wanaodhani kukimbia ni upuuzi usiomfaa Mwislamu. Tuliokaa madrasa tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume (s.a.w.) akashinda na kumtania kuwa ushindi ule ni malipo ya ule wa kwanza. Tuzingatie pia kuwa aliwaamuru watu wa msafara watangulie kwanza. Kukimbia kumethibiti, na stara imethibiti.

Yupo pia Swahaba Salama bin Akwa' (r.a.), aliyesifika kwa mbio za miguu. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa mtu mmoja wa Answari aliita nani atashindana naye mbio hadi Madina. Salama aliomba ruhusa kwa Mtume (s.a.w.), akaruhusiwa. Alianza kwa kujizuia mwanzoni, katika mwinuko mmoja au miwili, ili aihifadhi pumzi yake. Kisha akaongeza mwendo, akamfikia mwenzake na kumpita. Mwalimu yeyote wa mbio za nyika leo atakwambia hivyo hivyo: usitumie nguvu zote kwenye kilima cha kwanza.

Mwili huandaliwa, haushtukizwi

Wilaya yetu ya Karatu haihitaji kufundishwa heshima ya mbio. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Sifa hii imetuletea kosa moja. Tunafikiri mtoto wa nchi ya vilima kama yetu anazaliwa na mbio, basi atupwe tu uwanjani. Mtoto aliyezoea kutembea kwenda shule ana mwanzo mzuri, lakini mwanzo huo hautoshi. Katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika, vijana wa chini ya miaka 20 hukimbia kilomita 8 kwa wavulana na kilomita 6 kwa wasichana. Mbio za shule huwa fupi zaidi, lakini nazo zina vilima, mawe na vumbi.

Anayeanza apewe wiki 8 hadi 12 kabla ya mchujo. Wiki 2 za kwanza akimbie siku 3 tu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kila siku iwe dakika 20, akichanganya kukimbia polepole na kutembea. Kuanzia wiki ya 3 aongeze dakika chache kila wiki mpaka afikishe dakika 30 bila kusimama. Kipimo cha mwendo ni rahisi: aweze kuzungumza na mwenzake au kutamka tasbihi bila kukatika pumzi. Akishindwa, anakwenda kasi mno. Vilima na mbio za kasi vije baada ya wiki ya 6, mara 1 kwa wiki. Wiki ya mwisho apunguze mazoezi ili mwili upumzike.

Kupumzika nako ni sehemu ya mazoezi. Mtoto aliyekimbia asubuhi, akashinda darasani, kisha jioni akatumwa maji mara tatu, hajapumzika. Siku hiyo kazi hiyo ipewe mwingine. Usiku alale mapema, kwa saa zisizopungua 8.

Chakula na maji

Hatuhitaji vyakula vya dukani. Uji na kiazi kitamu au ndizi, saa moja hivi kabla ya kukimbia, vinatosha. Akirudi apate mlo kamili: ugali au makande, maharage au mbaazi, mboga za majani, na maziwa yakipatikana. Dagaa na nyama huongeza damu. Limau au chungwa pamoja na mlo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai, kinyume chake, huyazuia, hivyo inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula. Maji yawe yamechemshwa, na anywe kidogo kidogo mchana kutwa badala ya kusubiri kiu kali.

Mwezi wa Ramadhani anayefunga asifanye mazoezi makali mchana wa jua. Kukimbia polepole muda mfupi kabla ya futari, au jioni baada ya kufuturu na chakula kutulia tumboni, kunatosha kutunza mwili mpaka mwezi uishe.

Usafi wa miguu na mwili

Watoto wetu wengi hukimbia peku, wengine kwa yeboyebo au katambuga. Raba zinazomtosha mguuni, hata za mtumba, ni bora zaidi. Zikikosekana, njia ikaguliwe kwanza miiba na chupa zilizovunjika. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni. Likiwa la kina au lina udongo, aje kituoni aangaliwe kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Funza nao watolewe kwa kifaa safi, si kwa mwiba.

Tumefundishwa katika udhu kupitisha maji baina ya vidole vya miguu. Sunna hii ni kinga kubwa, lakini tukishatawadha, anayevaa soksi na viatu muda mrefu akaushe vidole kwanza. Unyevu uliofungiwa ndani ya kiatu ndio unaozaa fangasi. Soksi zifuliwe kila baada ya mazoezi na raba zianikwe juani.

Jasho si najisi, na swala ya mwenye jasho inasihi. Hata hivyo, Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa watu walikuwa wakija Ijumaa na vumbi na jasho, wakahimizwa waoge. Basi mkimbiaji aoge na abadilishe nguo kabla ya kusimama safu moja na wenzake.

Binti zetu

Hofu kubwa ya wazazi ni mavazi, na ni hofu ya haki. Lakini ina dawa. Suruali pana, shati refu la mikono mirefu na mtandio mwepesi uliofungwa vizuri havimzuii mtu kukimbia. Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa amefunika nywele, mikono na miguu. Mzazi aende shuleni aombe hayo, aombe pia awepo mwalimu wa kike na muda wa swala uheshimiwe. Akinyamaza nyumbani, nani atamsemea binti yake?

Hedhi si ugonjwa na haimkatazi kukimbia akijisikia vizuri. Anachohitaji ni vitambaa au pedi safi, maji, sabuni na mahali pa faragha pa kubadilishia. Mwenye kutoka damu nyingi kila mwezi apimwe damu kabla ya kuanza mazoezi.

Dalili za kumsimamisha

Mtoto asimame na aletwe kituoni akiwa na maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa kukimbia, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kukohoa au kupumua kwa filimbi, au maumivu ya ugoko sehemu moja yasiyotulia hata usiku. Mwenye pumu, selimundu, aliyewahi kuvimba viungo kwa homa, au ambaye ndugu wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana, apimwe kabla hajaanza.

Yule binti alikosa mchujo wa muhula ule. Tulimwanzishia vidonge vya kuongeza damu, na damu haipandi kwa siku mbili. Alilia, na baba yake alinyamaza kimya. Kabla ya kuondoka tulikubaliana mambo matatu: asitoke nyumbani bila uji, baba aende kuzungumza na mwalimu kuhusu mavazi, na arudi kupimwa baada ya wiki 4. Siku ya kupimwa aliletwa na baba mwenyewe, na mkononi mzee alishika mfuko wa raba.

Ndugu mzazi, usingoje kuitwa kituoni. Jioni hii muulize mwanao kama anakimbia, na kama anakimbia, kesho umwamshie uji.

Wabillahi tawfiq.